Usifiche Bunduki ya Muchezo

Mwanangu, weye mwenye naweza kukuambia mambo ya nyumba yangu bila kuogopa niyasikie kesho ku soko, ikala kwanza hapa. Chai iko. Simu uiweke chini kidogo. Nimesikia uko unatafuta ile bunduki ya gazi, yenye kurusha vidonge vya plastiki, juu ya zile filime munapiga na wenzako pembeni ya ziwa. Siko nakukataza. Nataka tu unisikilize mbele, kabla hujavuka mupaka kuifata Bujumbura.

Kuko asubui moja naikumbuka sawa vile ni ya jana. Tulikuwa tunaishi mu mutaa wa Rugenge, minye na mudogo wangu Safari. Baba na mama walikuwa wamekufa, basi Safari alikuwa ndugu yangu na mutoto wangu, yote pamoja. Nilikuwa mama kijana. Muchana ninauzisha ndagala, vile visamaki vya ziwa, magaribi ninaenda ku masomo ya watu wakubwa, na ku kanisa niko mu kwaya. Safari alikuwa ametoka kumaliza masomo ya sekondari, kazi hakuna, na filime alizipenda kuliko chakula.

Binamu yetu wa Ulaya njo alimutumia ile bunduki. Mwanangu, ukiiona roho inaruka. Uzito, chuma, ata ule mulio wa kuifungua, yote kama ya kweli. Alama ya kuitofautisha ilikuwa moja tu: mudomo wake ulikuwa na rangi ya machungwa.

Sitamusingizia muntu, Safari aliitunza. Mwanzo aliiharibu, juu alitia mafuta ya moteri, yale ya pikipiki. Ndani kuko vipira vidogo vyenye vinazuia gazi isitoke. Vile vipira vikavimba, na gazi yote ikawa inakimbia, fsss, kama nyoka mu majani. Alihangaika mpaka binamu akamutumia vipira vingine na mafuta ya silikoni. Tangu pale, kila wiki anatandika kitenge changu ku meza, anaifungua yote, anapanguza, anatia tone moja moja. Ile gazi ya kujaza viberiti vya gazi njo alikuwa anatia mu shajeri, kale kasanduku kenye kuingia mu mukono wa bunduki. Na hakuwa anaiacha tupu kabisa. Alisema vipira vikikauka vinapasuka.

Siku moja nikamwambia, "Vile unaosha iyo kitu, ungekuwa unaosha na sahani hivi, ningekuwa nimeisha kukutafutia bibi."

Akajibu bila kuinua kichwa, "Yaya, dada yangu, sahani hazichezi mu filime."

Basi yeye na wenzake wakapiga filime yenye yeye ni mwizi. Akaona mudomo wa machungwa utachekesha watu, akaupaka rangi nyeusi ya pikipiki. Wakapiga picha katikati ya avenyu, ile barabara ya mutaa wetu, muchana, watu wote wamesimama wanaangalia. Wa karibu walicheka. Lakini avenyu ni ndefu, mwanangu, na wa mbali waliona tu kijana na bunduki.

Kisha mji ukachafuka. Ulikuwa unasikia milio ya risasi, na kesho yake mazishi. Waaskari wakaanza kutafuta silaha nyumba kwa nyumba.

Asubui ile niko nawasha mbabula, lile jiko ya makaa, nikasikia milango ya bati inapigwa kule juu ya avenyu. Kupiga, kunyamaza, kupiga tena, kila mara karibu zaidi. Safari akatoka mu chumba, midomo imekauka.

"Yaya, wako wanauliza kijana wa filime."

Niliingia, nikachukua ile bunduki, nikaifunga mu kitenge, nikaelekea ku choo. Mu kichwa niliona niko nafanya akili. Kitu kikiisha kuingia mule, nani atakitafuta?

Kati ya lupango yetu, ule uwanja wa nyumba, na ya jirani Koko Feza hakukuwa ukuta. Koko, njo kusema nyanya, alikuwa mujane, muntu wa maneno kidogo na ulimi mukali, na kila asubui anatandaza ndagala zake ku wavu zikauke. Akaniona.

"Mama kijana, unapeleka nini ku choo na mikono mbili?"

"Koko, niache."

"Sikuachi. Ni ile kitu ya Safari?"

Nikazidi kukumbatia kitenge. Akaacha ndagala, akakuja akanifungia njia na kale kamwili kake.

"Sikiliza vizuri, juu sina wakati wa kurudilia. Avenyu yote iliiona. Wakikuja wakaikosa, watauliza iko wapi. Utawaambia iko mu choo? Watasema ile ya choo ni ya muchezo, ya kweli mumeificha. Watamupiga mudogo wako mpaka aonyeshe kitu chenye hana. Bunduki ya muchezo ikipotea, inageuka ya kweli."

Nikaanza kulia. Akaniangalia bila huruma.

"Kila siku uko ku kanisa. Leo umeona Mungu na choo, umechagua choo?"

Mwanangu, padri hajanihubiria kama vile.

Nilipogeuka, Safari alikuwa ameisha kuweka muguu ku ukuta wa nyuma, anataka kuruka ashuke ku ziwa. Koko akamwita, na sauti ya kuita mbuzi.

"Na weye wa miguu mingi, shuka. Mwenye kukimbia mbele wamuulize, ameisha kujibu."

Akashuka.

Tukatoa meza inje, mbele ya mulango, ili kila kitu kionekane. Koko akaleta kachupa ka mafuta ya taa, nikachovya kitambaa na majivu, nikaanza kusugua mudomo wa bunduki. Rangi ya pikipiki haitoki haraka. Nilisugua mpaka kucha ikavunjika. Safari akachomoa shajeri, akatafuta musumari wa kufinyia tundu ya shajeri gazi itoke, kisha akasimama gafula.

"Yaya, moto!"

Mbabula ilikuwa karibu nasi, makaa mekundu, na ile gazi inashika moto kuliko petroli. Niliibeba mbabula na mikono mitupu mpaka nyuma ya nyumba. Kovu ni hii hapa. Pale njo Safari akafinya musumari, gazi ikatoka nyeupe, baridi, vidole vyake vikakufa ganzi. Na milango ya bati inalia nyumba ya tatu, kisha ya pili.

Tukapanga kila kitu ku meza: bunduki imefunguliwa nyuma, shajeri kando, kopo ya gazi kando, vidonge mu sahani kama maharagi. Mudomo ulikuwa nusu machungwa, nusu bado mweusi. Sikumaliza. Waliingia.

Walikuwa watatu, na wengine wamebaki ku barabara. Mukubwa wao alikuwa kijana, pengine umri wangu.

"Nani kijana wa filime?"

"Ni minye, afande." Safari alikuwa na mikono ku kichwa.

Akaangalia meza. Akaangalia Safari. "Na ya kweli?"

"Haiko."

"Kila nyumba wananiambia haiko."

"Afande," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "hii njo watu waliona. Ingine hakuna. Angalia mudomo."

Akainama, akakwangura ule weusi na kucha. "Kwa nini mulipaka?"

"Juu ya filime, afande," Safari akasema.

"Sasa uko ndani ya filime yenyewe."

Wale wawili wakaingia mu nyumba. Nikasikia vitu vinaanguka: sufuria, vitabu vyangu vya masomo, unga. Yeye alibaki anatuangalia. Kisha akamwambia Safari, "Ijaze. Piga ile sahani ya bati ku ukuta."

Safari akasogeza mukono, na Koko akasema, taratibu, kama muntu anaomba chumvi, "Afande, mbele apige, ungewaambia wale wa inje."

Mukubwa akamuangalia. Akageuka ku barabara akaita, "Kuko kitu kitalia humu ndani. Musipige."

Kama ingelia bila wao kujua, wangejibu na risasi za kweli, nasi wote tuko mu lupango.

Safari akajaza gazi. Kopo inagongana na shajeri. Na minye niko naomba Mungu kitu kimoja kidogo: isitoe fsss. Juu kama ingevuja ikakataa, wangesema tumeiharibu makusudi ili tuwadanganye. Mwanangu, nilicheka yale mafuta ya silikoni miezi mingi. Siku ile niliyaombea kama mugonjwa.

Haikuvuja. Ikalia, pa. Kidonge kikagonga sahani, kikaruka, kikaanguka mu ndagala za Koko. Muaskari moja akatoka mu nyumba, akakiokota, akakiuma na meno, akacheka. Mukubwa hakucheka. Akamupiga Safari kofi moja, ya nguvu.

"Kofi hii ni ya kupaka rangi nyeusi. Mudomo ubakie vile ulitoka ku duka. Siku ingine nikiona mweusi, sitauliza."

Wakatoka. Tukasikia wanapiga mulango wa jirani. Safari alikaa chini mu vumbi, na minye nikakaa karibu yake, na Koko akarudia ndagala zake.

Magaribi njo tulipata habari ya avenyu ya pili. Kijana moja, mwenye Safari alisoma naye, alikuwa ameruka ukuta. Walimupiga risasi palepale. Mu mikono yake hakukuwa kitu, ata ya muchezo. Tukaenda ku kilio, na Koko alibeba kitunga cha ndagala cha kulisha wenye kulia.

Wazee wanasema, mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamuonyesha. Basi ukiinunua, mwanangu, mbele gazi iingie ndani yake, ipeleke kwa shefu, mukubwa wa avenyu, na kwa majirani, waishike, waipime, wacheke. Usipake ule mudomo, ata mwenye kupiga filime akikulilia. Siku ya kupiga picha, utangaze mbele, na mji ukiwa na joto, acha. Filime inaweza kungoja. Mama yako hawezi kukuzaa tena. Ku pikipiki ya taksi usiibebe ku mukanda kama mujinga. Ibebe imefunguliwa, shajeri yake mu mufuko mwingine. Mafuta ya moteri uyaache kwa pikipiki, tia silikoni. Usijaze gazi karibu na mbabula, usiache kopo ku jua, na usielekeze muntu, juu kile kidonge hakiui lakini jicho kinalitoa. Neno langu moja, kuliko yote: wakikuja, ikala, mikono ionekane, na useme kitu chenye kiko.

Safari leo iko mu mutaa wa Kimanga, anapiga picha za harusi, na watoto wanamusumbua sawa vile alinisumbua.

Mungu akulinde ku barabara na ku lupango, mwanangu. Akupe macho ya kuona mbali na watu wa kukufungia njia siku akili yako inakosea. Akufikishe uzee, uwe na mvi nyingi ku kichwa. Na haya usiyaache yaishie kwako. Wambie wenzako wote wa filime, na wale wenye munapakana lupango, mbele moja wao anunue rangi nyeusi.