Nyumba ndani ya ordinatere

Juzi, katika ofisi moja ya mtaa wa Kasuku, injinia alimwonyesha mama mmoja nyumba yake mpya ndani ya ordinatere, ile kompyuta ya kuchorea ramani, na msingi wenyewe haujachimbwa.

"Mama, bomba hii iko inapita katikati ya nguzo. Tunaisogeza leo, tusibomoe kesho."

Mama akaitazama sana. "Na ile nyumba yetu ya zamani, iliyobomolewa wakati wa vita, unaweza kuiingiza humu?"

"Vipimo viko?"

Akavua viatu, akafumba macho, akahesabu hatua kutoka barazani kwa baba yake kwenda jikoni. Hatua ya tisa, kiganja chake kikagusa mlango wa ofisi.

"Bado tatu," akasema.

Injinia akaufungua. Nasi tuliokuwa tukingoja zamu kwenye benchi nje ya mlango, wenye haraka zetu zote, tukakunja miguu ili afike jikoni kwao.