Asubuhi Nilipokaa Chini Katikati ya Mchakamchaka

Fimbo ya muwati ukiimenya gamba inatoa harufu tamu kidogo, kama ya muwa uliolala, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya asubuhi. Nazungumzia kijijini kwetu, upande wa Tosamaganga, miezi ya baridi, wakati nyasi zinaamka nyeupe na ng'ombe wanatoa moshi puani. Shule yenyewe siitaji jina, walimu wa leo hawana kosa. Kila mtoto alitakiwa aje Jumatatu na fimbo yake, imemenywa, imenyooka. Unaikata mwenyewe, unaimenya mwenyewe jikoni huku unaota moto, unaipeleka mwenyewe ukapigwe nayo. Mimi nilikuwa nachagua nyembamba nikidhani itauma kidogo. Kumbe nyembamba ndiyo inayochana ngozi. Hilo nilifundishwa na mgongo wangu, maana darasani sikukaa sana, kama utakavyoona.

Kabla ya masomo kulikuwa na mchakamchaka. Shule nzima mnakimbia barabara ya vumbi, mnaimba, miguu mitupu, mpaka kwenye kisima na kurudi. Wa mwisho kufika alipitishwa katikati ya mistari miwili ya wanafunzi, na kila mmoja anamchapa mara moja. Mara moja ya watoto wote wale, hebu fikiria. Wengine walikuwa marafiki zangu, tunakula wote kiporo cha viazi, na walinichapa kwa nguvu, kwa sababu anayechapa polepole naye alikuwa anaingizwa katikati. Nasema walinichapa kwa sababu wa mwisho mara nyingi nilikuwa mimi. Sikuwa kilema, sikuwa mgonjwa wa kifua. Watu wakisikia habari hii hunitafutia ugonjwa, wananihurumia. Mimi sikutaka tu. Mwili ulikuwa unakataa, kama punda anavyokataa kilima.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama yangu alikuwa mwanamke mfupi, mkono mzito, mjane, analima viazi na ngano kidogo. Nikichelewa kuamka alikuwa anavuta blanketi na kunipiga kwa chochote kilicho karibu, mwiko, kandambili, siku moja kuku mzima aliyekuwa amemshika akampeleke kwa mgeni. Kuku naye akalia kuliko mimi. Kwa hiyo nilikuwa napigwa ili nikakimbie, halafu napigwa kwa kukimbia vibaya, na katikati ya vipigo hivyo ndipo palikuwa na kusoma. Na kusoma nilikupenda. Niliweza kusoma maandishi ya kwenye gunia la mbolea kuliko kaka zangu.

Sasa asubuhi hiyo, tumefika penye mteremko, mimi nikakaa chini. Nilikaa katikati ya barabara, miguu nimeinyoosha mbele kama mtu anayechambua maharage. Kiranja aliyekuwa anasukuma mkia alikuwa mvulana mkubwa anaitwa Festo, ndevu zimeanza kumtoka yuko darasa la sita. Akasema, "Wewe, inuka."

Nikasema, "Siendi."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa?"

"Sijisikii tu."

Hapo alinipiga. Alinipiga mabega, alinipiga mapaja, fimbo ikavunjika akachukua ya mwenzake. Wimbo ulikatika huko mbele, wenzangu wakarudi kutazama. Mwalimu wa zamu akaja, akamnyang'anya Festo fimbo, nikadhani ananiokoa, kumbe anamwonyesha namna ya kushika. Damu ilinitoka sikioni ikaingia kwenye kola. Sikuinuka. Hata sasa siwezi kusema nilikuwa jasiri. Nilikuwa nimefika mahali ambapo kupigwa nimekaa na kuinuka ni kitu kimoja, nikachagua kile cha kukaa.

Shamba letu lilikuwa palepale juu ya barabara. Mama akashuka na jembe lake begani, hakimbii, anatembea mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Sasa lazima ujue, sisi Wahehe salamu hatuiruki. Mama alifika, akaweka jembe chini, akapiga goti kidogo, akasema, "Kamwene, Mwalimu." Mwalimu akaacha kunipiga, akanyoosha mkono apokee salamu vizuri, "Kamwene, mama." Akamuuliza habari za nyumbani, mama akajibu. Akamuuliza habari za shamba, akajibu. Salamu ilipokwisha, mama akaokota jembe, akaligeuza, akampiga mwalimu kwa mpini penye mfupa wa bega. Tuliusikia mfupa ukikatika. Festo alikimbia siku hiyo kuliko wanafunzi wote. Mwalimu alianguka, na mama alimwongeza viwili akiwa chini, huku anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu nimemzaa mimi. Wa kumpiga ni mimi."

Mama alilala mahabusu Iringa mjini. Kwenye baraza mwalimu alifika mkono umefungwa shingoni, na kilichomuuma zaidi, aliwaambia wazee, ni kwamba alisalimiwa kwanza. Wazee wakatikisa vichwa, hata wa ukoo wetu. Mama alitozwa ng'ombe, akasamehewa kifungo. Mimi nikaambiwa nisikanyage tena pale shuleni. Darasa la tatu likaishia hapo.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa shambani kabla jua halijatoka, nikasikia wimbo unakuja. Walipopita chini yetu, mimi nikaanza kukimbia. Hakuna aliyeniita, hakuna mwenye fimbo. Nilikimbia ndani ya shamba, nyuma ya miti ya miwati, sambamba nao, na nilikuwa nawapita. Mama akaninyoosha kidole. "Uliambiwa kimbia ukakaa, nikalala ndani kwa ajili yako. Leo unakimbilia nini?"

"Sijui, mama."

"Basi viazi usivikanyage."

Niliwafuata mpaka mwisho wa shamba letu, penye mtaro. Wao wakaendelea, wakaingia getini, wimbo ukanyamaza, kengele ikalia. Nikasimama pale napumua. Walikuwa wanaingia kusoma. Niliwafuata hivyo kila asubuhi mpaka baridi ikaisha, na kila asubuhi niliishia mtaroni.

Siku hizi naishi Iyunga, kwa binti yangu aliyeolewa huku Mbeya. Nina sukari. Nesi ameniambia nitembee kila asubuhi, la sivyo miguu itaharibika, na alivyosema aliitazama miguu yenyewe, siyo mimi. Basi alfajiri mjukuu wangu Atupele, anayesomea uhasibu, anakuja kitandani na raba zake mkononi. Ule mwili wa punda bado ninao. Ananiambia, "Bibi, twende kidogo tu. Ukichoka tunarudi."

Mara ya kwanza alipolisema hilo nilimuuliza arudie, akadhani sisikii. Tunarudi. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia kwamba mtu akichoka anaruhusiwa kurudi. Nililala nikiwaza ni mtego gani huu. Baadhi ya siku nafika naye mpaka kwenye barabara kuu, malori yanapita, tunarudi taratibu tukiwasema majirani. Nyingine namwambia sijisikii. Ananifunika vizuri, anakwenda peke yake. Mimi nabaki nimekaza mabega chini ya blanketi, nasubiri. Haji mtu. Nasikia tu vikombe jikoni, na chai naletewa vilevile.