Niliulizwa Kuhusu Mkono wa Mtoto, Nikajibu Kuhusu Kabila la Mshtakiwa

Kosa ni langu. Msiniambie ni siasa, wala msiniambie ni shetani. Shetani ana kazi nyingi, na siku ile mahakamani Kolwezi hakuwa na haja ya kuja, kwa sababu mimi nilikuwepo.

Nilikuwa nauza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, mbele ya nyumba yangu. Ilikuwa miaka ile mgodi wa mji wetu unakufa, na vijana wenye filimbi wanapita mitaani wakiimba kwamba watu wa Kasai, mkoa ule mwingine, warudi kwao. Kwao wapi? Wengi walizaliwa hapa hapa kama mimi. Lakini vijana wale walikuwa wateja wangu, basi nilicheka nao.

Jirani yangu aliitwa Kazadi, fundi umeme, mtu wa Kasai. Alikuwa amemwoa mwanamke Mlunda, kabila la huku kwetu, kutoka mji wa Kasaji, aliyekuja na binti yake mdogo, Betrisi. Yule mama akafa, binti akabaki na baba wa kambo. Na Kazadi, niwaambie ukweli, mikono yake haikuwa ya kulelea mtoto.

Asubuhi moja nilisikia kilio, nikachungulia juu ya ua. Kazadi alikuwa ameshika kipande cha ule mkanda wa mpira unaobeba mawe mgodini, anampiga nao Betrisi. Mtoto akajikinga, mkono ukavunjika. Niliona kwa macho yangu haya mawili. Jirani wa upande wa pili, Tata Mulumba seremala, naye aliona. Mimi nilipiga yowe tu. Yeye ndiye aliyeruka ua, akamnyang'anya Kazadi ule mkanda, akambeba mtoto hadi zahanati. Na Tata Mulumba naye ni mtu wa Kasai.

Kesi ikafunguliwa. Bibi yake Betrisi, mzaa mama, akaja kutoka Kasaji na kufikia kwangu. Alileta kigauni alichokishona mwenyewe. Mambo yalikuwa wazi: Kazadi akipatikana na hatia, mtoto anaondoka na bibi. Mashahidi tulikuwa wawili, mimi na Mulumba. Nikamwambia bibi, "Mama, lala usingizi. Hii kesi ni yangu."

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kila siku nilikuwa nafanya mazoezi ya ushahidi pale pale kwenye munkoyo. Siku ya kwanza nilisema nilichokiona. Vijana wakanywa, wakanyamaza. Siku ya pili nikaongeza kwamba Kazadi alifukuzwa kazi katika mji wa Tenke kwa wizi wa nyaya. Wakapiga filimbi. Siku ya tatu nikamwua mke wake wa kwanza kwa kipigo, mke ambaye hata sijui kama alikuwepo. Siku ya nne nikafika kwenye kabila lote. Wakanishangilia kama mchezaji wa mpira, nami nikaona ushahidi umeiva.

Siku ya kesi nilivaa kitenge kipya, nywele nimesuka. Vijana wangu walijaa ukumbini. Betrisi aliulizwa kwanza. Alimtazama Kazadi, akainamisha kichwa, hakusema neno. Kwa hiyo kila kitu kikabaki juu yetu sisi wawili.

Hakimu akaniambia kwa upole, "Mama, utuambie tu bile ulionaka na macho yako."

Nikasema juu ya mkanda na mkono. Ilichukua muda mfupi sana. Nikageuka, nikaona vijana wamenyamaza kama ile siku ya kwanza, na roho ikaniuma. Kitenge chote kile, kwa maneno machache hivyo?

"Na tena, tata juge," nikasema, "uyu muntu balimufukuza Tenke juu ya bwizi. Na muke yake ya kwanza, ni yeye alimuuaka."

"Mama, ile haina kitu na mutoto. Haitaingia mu dossier ya kesi."

"Ngoya, tata juge, sijamaliza. Aba bantu ya Kasai beko bote vile! Ni bilulu!"

Bilulu ni wadudu. Ndivyo vijana walivyowaita. Ukumbi ukalipuka kwa filimbi, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Wakili wa Kazadi, kijana mwembamba, alingoja watulie. Akauliza, "Mama, ile ya Tenke, uliiona?"

"Nilisikia."

"Wapi?"

"Ku bomba, kwenye tunatekaka mayi. Kila mutu anayua."

"Na mukono ya mutoto, ile nayo ulisikia ku bomba?"

Watu wakacheka. Vijana wangu pia walicheka, tena wao ndio waliocheka zaidi. Nikaapa, nikalia, nikasema hiyo niliiona kweli. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee, na mimi nilikuwa nimeanguka kifudifudi.

Bado alikuwepo Mulumba. Alipoitwa alisimama, kofia mkononi, akanitazama mimi, siyo hakimu. Ndiye aliyenitengenezea mlango wa nyumba yangu.

"Mama, mi nilikuya kusema juu ya mutoto," alisema. "Sasa umefanya ile mambo ikuwe juu ya kabila. Nikisema leo, batasema Mulumba naye amekubali, siye bote tuko bilulu. Niko na batoto mu nyumba. Siwezi."

Akakaa. Hakimu alimsihi, hakusimama tena. Niliona machozi yake, na sikuwa na pa kuficha uso.

Hukumu ilisomwa baadaye. Hakimu alisema ushahidi wangu umejaa chuki na uvumi, hawezi kuchambua kilicho kweli na kisicho kweli. Shahidi mwingine hakuna. Kazadi akaachiliwa, na Betrisi akarudi naye.

Haukupita muda, vijana wakaanza kufukuza watu mtaa kwa mtaa. Walimtoa Kazadi, wakamtoa na Mulumba na watoto wake. Wote wakaenda kungoja gari moshi la Kasai kituoni, wamelala chini na masufuria yao. Mimi na bibi tulikwenda kumwomba Kazadi atuachie mtoto. Alisema hakimu amemrudishia binti yake, akatuonyesha mgongo. Akampandisha Betrisi kwenye behewa la mizigo, mkono bado umefungwa. Mulumba alikuwa behewa lile lile. Akamwambia bibi, "Nitamuangalia, mama, mpaka kwenye nitaweza."

Bibi alirudi Kasaji na kigauni chake. Tangu siku ile sijasikia habari ya Betrisi, wala sijui kama alifika.

Kwa hiyo wewe utakayeitwa kutoa ushahidi juu ya mtoto, usiende kumchafua mtu, wala ukoo wake, wala kabila lake. Sema ulichokiona, hata kama ni kidogo, hata kama hakuna atakayekupigia makofi. Halafu kaa chini, ili mwenzako naye aweze kusimama.