Kuponi Tatu za Mzee wa Dirma

Juzi, kwenye duka la shamba la ngano, karani alikuwa akigawa kuponi za sukari ya bei ya serikali. Ukiikosa, unakwenda kwa mlanguzi ukalipe mara mbili.

"Kuponi moja kwa kaya!" alikuwa akirudia.

Akafika mzee mmoja wa Dirma na wake zake watatu.

"Shikamoo mzee. Kuponi moja."

"Marahaba. Tatu. Kila mmoja ana nyumba yake na jiko lake. Njoo asubuhi uhesabu moshi."

Karani akajikuna kichwa, akachana tatu.

Mbele yangu kwenye foleni, mkulima wa Bashay mwenye rozari shingoni akamnong'oneza mkewe, "Unaona hasara ya ndoa ya kanisani?"

Mkewe akapokea kuponi yao, akaifunga kwenye pindo la kanga, akajibu kwa sauti, "Basi wewe kunywa chai bila sukari mpaka wenzangu wafike."

Foleni nzima ikaangua kicheko.

Mzee alitoka na fimbo yake, wake zake wamekumbatia sukari. Akauliza, "Haya, leo nakunywa chai kwa nani?"

"Kwa mwenzangu!" wakajibu wote watatu.

Bei ya sukari hupangwa na serikali, jamani. Ya chai hupangwa na mwenye jiko.