Vibuyu Vinne vya Chumbani

Jumanne, tarehe 12 Machi, 1974. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, nyembamba na isiyo na upepo, na hadi saa tatu asubuhi mlima ulio nyuma ya ofisi zetu za wilaya, Mbinga, nilikokuwa karani, ulikuwa bado haujaonekana. Naitaja mvua kwanza kwa sababu, isingekuwa hiyo, Mzee Othmar Kapinga angeimba kwa vibuyu vyake ofisini kwetu, akasikilizwa robo saa, akarudi nyumbani na jibu ambalo hakulitaka.

Watu wengi wa Umatengo wanamfahamu Othmar kwa kazi nyingine. Yeye ni fundi wa mashine za kumenya kahawa. Msimu wa mavuno hupita nyumba kwa nyumba na mfuko wa ngozi wenye spana mbili, nyundo na kopo la grisi. Akifika haulizi mashine ina ugonjwa gani. Humwambia mwenye nyumba azungushe mpini, naye huinama na kutega sikio, macho yamefumbwa. "Hii inaimba *fa* iliyoshuka," atasema. "Chuma cha kushoto kimelika." Ikifunguliwa, mara nyingi huwa hivyo hivyo.

Hiyo noti ya *fa* aliipata shule ya misheni, alikosoma hadi darasa la nne na kuimba sauti ya pili kwaya ya watoto. Muziki wake mwingine aliupata ziwani. Mama yake alitoka Lituhi, na kila kiangazi mtoto alipelekwa kwa wajomba kusaidia kuanika usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Huko wanaume walicheza mganda: mistari miwili ya watu waliovaa kaptula nyeupe, ngoma kubwa katikati, na vibuyu mdomoni. Kibuyu cha mganda hakipulizwi kama tarumbeta. Mchezaji huimba ndani yake, na utando mweupe wa buibui uliobandikwa kwa nta kwenye tundu la ubavuni hutetemeka, mpaka koo la mtu likasikika kama honi ya shaba. Othmar alicheza mganda hadi alipooa. Mchumba wake, Zita, alimwona kwa mara ya kwanza akiwa na kibuyu mdomoni, na mpaka leo husema kwamba angemwona bila kibuyu asingekubali.

Mwezi wa pili mwaka 1971 Zita aliteleza kwenye ngolo, mashimo yale ya kilimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga vibaya. Tangu siku hiyo hatoki chumbani ila kwa kubebwa mgongoni. Huketi kitandani ameegemea ukuta, akipukuchua mahindi, akichambua maharage, akigombana na kuku wanaochungulia mlangoni. Othmar aliwahi kuniambia kwamba kinachomuuma si nyonga.

"Muziki wote unachezwa nje, Karani," alisema. "Ngoma iko uwanjani, kwaya iko kanisani, bendi iko sokoni. Zita anapata mwangwi tu."

Januari ya mwaka huo wa 1974 ofisi ya utamaduni ya mkoa, Songea, ilituletea barua ya Kiingereza. Ilikuwa imeandikwa na Mwalimu Nazari, kijana aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Mkoa ulitaka muziki mpya wa wapigaji wachache, watatu hadi sita, kila mmoja na sauti yake, bila mtu wa kusimama mbele na kupunga fimbo. Kila wilaya ingetoa mtunzi mmoja kwa mashindano, na huyo angeagizwa rasmi na mkoa kutunga kazi kamili, isikilizwe na kunaswa kabla ya Sabasaba. Nilipewa kuitafsiri. Muziki wa namna hiyo, ukilifuata jina lake la Kiingereza neno kwa neno, ni muziki wa chumba. Nikaandika: "Mashindano ya Kutunga Muziki wa Chumbani." Nikatoa nakala arobaini na kuzipeleka tarafa zote, mpaka Liuli na Lituhi.

Majibu hayakuchelewa. Kiongozi mmoja wa kwaya alirudisha waraka ndani ya bahasha mpya, bila neno hata moja. Kikundi cha akina mama kilijibu kwa heshima kwamba nyimbo za chumbani hufundishwa bibi harusi na shangazi zake, haziandikwi kwenye karatasi, na wao wanashangaa Serikali inazitafutia nini. Mkubwa wangu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka. Februari nikasambaza sahihisho lililotiwa saini na mkoa: "Katika waraka wetu, badala ya 'chumbani' isomeke 'ukumbini'."

Wiki ile ile Othmar akaja ofisini, karatasi zote mbili mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karani, chumba kimekwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba lilikuwa kosa la tafsiri.

"Kosa?" Aliziweka karatasi mezani, moja kando ya nyingine. "Mimi nimeshakipima. Hatua nne kwa tatu. Ngoma haienei, nikaiondoa. Wapigaji wanne wanaenea, wawili kila upande wa kitanda. Vibuyu nimeviandikia viimbe kwa chini, mtu aliyelala asiumwe kichwa. Sasa mnaniambia ukumbini."

"Bado unaweza kuuleta, Mzee."

"Ukumbi uko Songea. Zita hapandi basi." Akaziokota zile karatasi. "Nilitaka amri, Karani. Amri ya Serikali kwamba upo muziki ambao ni lazima uchezwe chumbani. Watu wangekuja."

Hata hivyo aliniachia daftari lake. Kurasa kumi na moja za penseli, noti za herufi, *d* na *r* na *m*, sauti nne zimepangwa moja juu ya nyingine, na kila palipofutwa pamefutwa vizuri. Nililipeleka Songea pamoja na mengine matano. Mwalimu Nazari akajibu kwamba anataka kusikia hilo kwanza, na kwamba atakuja mwenyewe.

Ndiyo hiyo Jumanne ya mvua. Saa nne Othmar aliingia ofisini ameloa hadi magotini, na nyuma yake rafiki yake Tadei, aliyecheza naye mganda ujanani, na Ildefonce, mtoto wa kaka yake. Wa nne, Florian wa Lituhi, hakuonekana. Lori lililokuwa limlete lilikuwa limekwama matopeni. Vibuyu vilikuwa vimefichwa ndani ya makoti, lakini unyevu haufichwi. Tadei alipokiweka cha kwake mdomoni na kuimba, ilitoka sauti ya mtu mwenye mafua.

"Utando umelewa," alisema.

"Umemwiga mwenyewe," Othmar akajibu.

Mwalimu Nazari, aliyekuwa amefika jana yake, aliuliza ungekauka baada ya muda gani.

"Hapa? Mwezi wa tano," Tadei alisema. "Lakini nyumbani kwake vipo vingine, vimening'inia juu ya moto tangu Noeli. Vile ni vikavu kama biskuti."

Mwalimu alitazama viatu vyake, akatazama dirisha. Basi lake la kurudi lilikuwa la kesho. "Basi twende," alisema.

Ni mwendo wa saa moja na nusu, nusu yake kupanda. Mwalimu aliteleza mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyejifanya hakuona. Tulipofika barazani, sauti ilitoka ndani kabla hatujabisha hodi.

"Karibuni. Na huyo anayehema kama ng'ombe apewe kiti."

Mwalimu alisita mlangoni mwa chumba. Ni chumba cha kulala cha mke wa mtu, na yeye alikuwa mgeni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Ingia tu. Ndicho chumba chenyewe cha Serikali."

Kitanda kilichukua nusu ya chumba. Othmar alikitengeneza baada ya ajali, kwa mbao nene, na kamba ya kujivutia imefungwa kwenye boriti. Vibuyu vikavu vikaletwa kutoka jikoni, vyeusi kwa moshi. Tadei akajaribu kimoja, na safari hii kilinguruma hata kuku wakatoka.

Mwalimu akafungua daftari la Othmar. "Sauti ya kwanza ni ya nani?"

"Ya Florian," Othmar alisema.

"Ambaye hayupo." Mwalimu alifunga daftari taratibu. "Ndugu Kapinga, nisamehe. Masharti yanasema sauti zote zisikike pamoja. Kwa sauti tatu siwezi kuamua, na Mbinga sitarudi tena kabla ya kupeleka majina."

Mvua ilikuwa ikigonga bati. Othmar alikuwa amekishika kile kibuyu kidogo cha nne na kukigeuzageuza.

"Nipeni hicho kidogo," Zita alisema.

Tadei alicheka. "Shemeji, mganda ni wa wanaume."

"Uwanjani, ndiyo." Akamgeukia mumewe. "Baba Hilaria, hiki ulichoandika ni mganda?"

Othmar alifikiri kama anavyofikiri juu ya mashine. "Hapana. Hiki ni cha chumbani."

"Na chumbani humu anatawala nani?"

Tadei alikichukua kibuyu kutoka kwa Othmar, akampa kwa mikono miwili.

"Unaijua sauti hiyo, Mama?" Mwalimu aliuliza.

"Aliitunga akiniimbisha mimi, usiku na mchana, mpaka maharage yakaungua. Florian ameazima tu."

Walisimama pande mbili za kitanda, Othmar na Ildefonce huku, Tadei kule, akiwa na nafasi tupu ya Florian pembeni yake. Kibuyu kikubwa cha Othmar kilianza peke yake, kwa chini sana: mizunguko mitatu na pumziko, mizunguko mitatu na pumziko, kama mpini wa mashine ya kahawa unaozungushwa na mtu asiye na haraka. Cha Ildefonce kikaingia kwenye lile pumziko. Tadei akawahi kabla ya zamu yake, Zita akamkata jicho, naye akarudi nyuma bila kuacha kuimba. Hakukuwa na kiongozi. Walitazamana mabegani, mtu akivuta pumzi mwenzake anajua. Kisha sauti ya kwanza ikaja juu ya zote, nyembamba, na utando wake ukilia kidogo, na Zita alikuwa ameinua kidevu kama msichana anayetazama kitu upande wa pili wa uwanja. Dakika nne. Sikuandika lolote, na Mwalimu naye alikuwa ameacha kuandika.

Walipomaliza, Tadei alisema, "Umenitazama vibaya, shemeji."

"Uliimba vibaya."

Mwalimu Nazari aliketi kwenye ukingo wa sanduku la nguo. "Hiki ndicho nilichokiomba," alisema. "Karani, neno lako la kwanza lilikuwa sawa. Muziki huu hata huko ulikotoka ulianzia vyumbani mwa watu. Lakini sahihisho limeshatiwa saini. Kazi itakayoagizwa ni lazima ichezwe ukumbini."

Othmar alikuwa akifuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja. "Basi mwagize mtu mwingine," alisema.

"Othmar!" Tadei alisema.

"Nimesema. Sauti ya kwanza haisafiri."

Zita alitazama mikono yake. Nami nikatoa jalada kutoka mkobani mwangu na kusoma tena nilichoandika, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Sahihisho lilikuwa na neno moja tu, "ukumbini". Songea haikutajwa, wala jengo lolote. Nikasema kwamba mimi ni mtu wa Pangani, na kwetu kila nyumba ina ukumbi: ni pale mgeni anapokaribishwa kabla ya kufika vyumbani. Neno niliandika lile nililolijua nyumbani.

Mwalimu aligeuka, akatazama kupitia mlango hadi kwenye chumba cha mbele, penye viti viwili, jembe na magunia ya mahindi.

"Pale?"

"Pale," nikasema.

"Masharti yanataka wasikilizaji wasiopungua ishirini."

"Ukitoa magunia, ishirini na watano," Tadei alisema. "Wamatengo hatunenepi kama watu wa pwani."

Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akaandika muda mrefu, akatia saini. Mashine ya kunasa sauti inabebeka, alisema, ataileta mwenyewe mwezi wa sita. Mtunzi wa wilaya amepatikana. Sharti lake ni moja: wapigaji wote wanne wawe ukumbini pamoja, asibaki mmoja chumbani na wengine nje.

"Na kitanda?" Zita aliuliza. "Hakipiti mlangoni hapo. Fundi wangu alikitengenezea humu humu."

Wote tulitazama mlango. Othmar alitoka kutusindikiza hadi kijitoni, akashika mkono wa Mwalimu kwa muda, akarudi.

Kwa haraka ile tulisahau kumtaka mtunzi mwenyewe atie saini, kwa hiyo Jumatano nilipanda tena na fomu. Mvua ilikuwa imekatika. Nilimkuta Othmar chumba cha mbele, magunia yamekwisha hamishiwa jikoni. Alikuwa amepima upana wa kitanda kwa tete, akauongeza vidole vinne, akachora mstari wa mkaa ukutani kandokando ya mlango wa chumba. Alitia saini akiwa amesimama, akaacha alama ya udongo kwenye fomu. Halafu akashika patasi na nyundo na kuendelea kutoa matofali, moja moja, akiyapanga vizuri kwenye ukuta wa pili, huku Zita kutoka kitandani akimwambia kwamba mstari wake unakwenda upande.