Nilimpigia dada yangu debe mpaka akakosa nafasi

Wakuu, salamu kutoka Kisangani.

Hii sio chai. Ingekuwa chai ningejipa kasehemu kazuri, lakini humu ndani mtaniona nilivyo. Mnivumilie na Kiswahili changu, sisi huku tunachanganya na Kifaransa bila kuomba ruhusa.

Mimi ni fundi seremala. Mke sina, msiniulize. Naishi na mama yetu pamoja na mdogo wangu wa kike, Zaina, ana miaka ishirini na nne.

Zaina alizaliwa akili yake inaenda polepole. Anaongea, anacheka, anakumbuka jina la kila mtu aliyewahi kukanyaga parcelle yetu, kiwanja chetu hiki. Ila kuoga, kuvaa, kuwasha moto, vyote mama ndiye anamsimamia tangu utotoni.

Sasa magoti ya mama yamegoma. Kila akiinuka anauliza swali lilelile: akifa yeye, nani atamuogesha Zaina? Mimi ni kaka yake, na katika nyumba yetu ya Kiislamu hilo haliwezekani hata kidogo.

Bon. Mtaani kwetu kuna wazazi wenye watoto kama Zaina, wameanzisha kikundi. Mtu wao anakuja nyumbani kwako, anamfundisha mtu wako kujihudumia palepale kwenye ndoo yake na jiko lake. Halafu Jumatano wanakutana wote kwenye salle, ukumbi wa mtaa.

Nafasi ni chache. Donc kwanza anakuja mama mmoja na fiche, karatasi ya maswali, aone hali ya mtu.

Hapo ndipo ujuaji wangu ulipoanza.

Kichwani mwangu, nafasi chache na maswali mengi maana yake ni concours, mashindano. Mwenye points nyingi anapita. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikajiamini.

Wiki nzima nikamkaririsha Zaina majibu. Unavuka barabara peke yako? Ndiyo, maman. Unapika? Ndiyo, maman. Mama akauliza tunafanya nini, nikamwambia haya ni mambo ya wasomi. Mimi, niliyefukuzwa na hesabu shule ya msingi!

Siku ikafika. Maman Julienne, ndiye wa fiche, akashuka kwenye toleka, hizi baiskeli zetu za kubeba watu. Nimemwekea kiti kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, lituma ya ndizi za kupondwa na samaki mezani, Zaina kavaa kitenge cha sikukuu. Mama nikamwomba abaki chumbani apumzike. Yaani shahidi pekee nimemfungia ndani.

Maman Julienne akamuuliza Zaina kama anaoga mwenyewe. Nikajibu mimi: anaoga, tena mara mbili kwa siku. Anapika? Anapika mpaka majirani wanaomba sahani. Njia ya sokoni anaijua? Nikasema huyu hata Yanonge anafika na kurudi.

Yanonge, wakuu! Mtu anashuka na mto safari nzima kufika kule, na Zaina hata kona ya mtaa hajawahi kuipita bila kushikwa mkono.

Mgeni akasema kwa upole kwamba swali lilikuwa la Zaina. Nikacheka, nikasema dada ana haya.

Akafunga fiche. Akamshukuru Mungu kwa ajili yetu, akasema kuna nyumba zenye shida kubwa, basi nafasi ataipeleka huko. Mimi huyo nikamsindikiza mpaka barabarani, natabasamu. Nilikuwa narudi ndipo maneno yake yakaniingia.

Nikamweleza mama. Hakunifokea. Bora angefoka.

"Iko vizuri," akasema. "Kama Zaina anajua yote, kesho mimi ninakaa."

Na kweli akakaa.

Siri ya mtungi aijuaye kata, wakuu. Asubuhi ile Zaina alimwaga maji mara mbili, akatoka bafuni na povu kichwani, blauzi kaivaa nyuma mbele. Mimi nimegeukia ukuta, namwelekeza kwa sauti, na kila nikielekeza anazidi kuchanganyikiwa. Ikabidi jirani mmoja mwanamke aje amsaidie. Moto ukawaka saa tano.

Zaina akalia. Alikuwa anamwona mama amekaa pale na haji. Mama naye alikuwa analia, kaangalia upande wa pili. Nilijichukia siku ile.

Jumatano nikamchukua Zaina tukaenda salle. Wazazi wamejaa. Nikaanza na habari za "kulikuwa na kutoelewana kidogo". Maman Julienne akauliza, kutoelewana gani? Nikasema basi, nilidanganya. Papa mmoja akacheka, akasema kwenye fiche yake ya kwanza mwanawe alikuwa amebakiza kidogo awe gouverneur.

Maman Julienne akatoa fiche mpya, akamgeukia Zaina, akamuuliza anataka nini. Nikafungua mdomo.

"Papa, wewe ngoja kwanza," akaniambia.

Nikaufunga.

"Mama anachoka," Zaina akasema. "Magoti inamuuma, yeye anasema haiume. Mimi sijue kuoga muzuri. Ninataka kujua, mama akae."

Majibu yangu ya wiki nzima hakutumia hata moja.

Ile nafasi ilikuwa imeshapewa nyumba nyingine, na ilikuwa haki yao. Tuliingoja ya kwetu miezi minne, mama anainama kwenye ndoo na magoti yale kwa sababu ya mdomo wangu. Hilo bado linaniuma.

Sasa mwanamke wa kikundi anakuja nyumbani kumfundisha. Akioga, mgongo Zaina bado anausahau; kuwasha moto bado hatujafika. Mama huwa anaweka kiti karibu na bafu, mikono mapajani, anajizuia asiingie. Juzi Zaina alitoka kaoga na kavaa mwenyewe, akamkuta mama amesinzia palepale kwenye kiti. Nilitaka kumwamsha aone, Zaina akanikataza.

Funzo nililopata: mficha uchi hazai. Nilidhani namficha Zaina aibu, kumbe aibu ilikuwa yangu.

Wenye ndugu kama Zaina, karibuni mseme. Huko kwenu mgeni akimuuliza swali, anajibu nani?