Kristali Iliyolia

Aibu yenyewe naijua, hamna haja ya kunikumbusha, maana mpaka leo nikipita mtaa wa Gisimenti kuna watu wananiita Mama Bati, na mimi naitika, tena kwa sauti, kwa sababu nimechoka kujificha.

Kazi yangu pale chuoni ni kukuza kristali. Unayeyusha metali ya bariamu na wenzake ndani ya bati (ile metali laini ya kulehemia), unaacha tanuri lipoe polepole mno, na humo ndani zinaota kristali ambazo atomi zake zimejipanga kama vizimba, kila kizimba kimefungia atomi moja inayotikisika. Huko kutikisika kunazuia joto lisipite, lakini umeme unapita, kwa hiyo ukipasha upande mmoja na kupoza wa pili, unapata umeme kidogo.

Safari moja nilifungua tanuri nikakuta vipande vidogo vya kijivu, vibaya kweli, na kimoja kikubwa kama kidole gumba, kinang'aa kama kioo. Utaratibu ni kuvunja pembe, kusaga unga, kuupiga eksirei ujue umepata nini. Vile vidogo nilivipima, vikatoka vizuri. Kile kikubwa nikakionea huruma (kilikuwa kizuri jamani!), nikasema hiki kibaki kizima, wageni wanakuja Ijumaa kuona kazi zetu.

Na Ijumaa hiyo haikuwa ya mchezo, maana mkuu wetu, Dakta Habimana, alishasema baada ya wageni ataamua tanuri libaki kwangu au liende kwa wenzetu wanaotengeneza vigae. Na mimi kwa kiherehere nikamwita Mama, ambaye anachoma brosheti, yaani mishikaki, pale Gisimenti, akaja amevaa mushanana, vazi lake la sherehe, pamoja na wenzake wawili wa kwaya, akiwa ameshatangazia mtaa mzima kwamba mwanawe ameotesha jiwe la umeme.

Basi nikaweka kile kikubwa changu, moto huku, barafu kule, waya kwenye mita. Sindano, kimya.

"Ni waya," nikasema. Nikabadilisha. Kimya.

"Barafu imeyeyuka," nikasema, na Mama akadakia, "Leteni barafu! Mtoto anataka barafu!" Watu wakakimbilia kantini, barafu ikaja ndoo nzima. Kimya.

Mgeni wetu mkubwa, profesa mmoja mwanamke kutoka Bujumbura, mpole sana, akasema, "Binti, kwa nini tusikisage kidogo, tukakipiga eksirei?"

Nikakitia kwenye kinu, nikapiga. Kristali hupasuka kama glasi. Hiki kikabonyea. Nikapiga tena, kikatandaa kama chapati. Profesa akakishika kwa koleo, akakikunja, kikalia, kweli kililia, krii, ule mlio wa bati likikunjwa, nami niliujua. Yalikuwa mabaki ya bati yaliyoganda kwa umbo zuri, basi.

"Ni bati," Profesa akasema taratibu.

"Bati?" Mama akauliza, ukumbi mzima ukasikia. "Hili la kuezekea nyumba?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Solange," Dakta Habimana akasema, "habari ya tanuri tutaongea Jumatatu. Watu wa vigae wajiandae."

"Hapana, Dakta. Tunaongea leo." (Nilimkatiza mkuu wangu mbele ya wageni, sikatai.) "Hakuna anayeondoka."

Nikaleta vile vibaya vya kijivu, nikapiga kimoja kwenye kinu mbele ya macho yao, kikapasuka vipande. Unga ukaingia kwenye mashine ya eksirei, nao wakakaa wakinywa soda na kunong'ona bati, bati, na mimi nimesimama mlangoni kama mlinzi. Mistari ikaanza kutokea kwenye skrini mmoja mmoja. Profesa akasogeza miwani, akailinganisha na ile ya kitabuni.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema.

Nikabana kingine kati ya moto na barafu. Sindano ikasogea. Kidogo tu, lakini ilisogea, na safari hii hakucheka mtu.

"Haya, endelea na tanuri," Dakta akasema, "lakini na wa vigae watapata zamu yao."

Nje Mama akanishika mkono. "Yewe mwana wanjye, mwanangu, kumbe hicho kibaya ndicho cha umeme? Si ungenionyesha hicho tangu mwanzo!"

Tangu siku ile chochote kinachotoka kwenye tanuri langu nakivunja pembe hapo hapo, na kikiwa kizuri ndiyo nakivunja bila huruma, na anayetaka kucheka aje acheke, atanikuta nawasha moto mwingine.